Chrome Mpya, Simu ya Zamani: Mabadiliko ya Vivinjari na Mwananchi Anayesubiri Tangazo Ilongero

Mwezi Agosti 2025 kampuni ya Google ilitoa toleo la 139 la kivinjari chake cha Chrome kwa simu za mkononi. Toleo hilo haliwezi kusakinishwa kwenye simu zinazotumia mfumo endeshi wa Android 8 wala Android 9. Simu hizo hazikuzimika siku hiyo, na Chrome iliyokuwa ndani yake haikufutika. Imesalia katika toleo la 138 na haitapokea jingine. Miongoni mwa wasanifu wa tovuti, taarifa ya namna hiyo hutoka kila baada ya muda, husomwa, kisha kazi huendelea. Ni nadra kufika kwa umma, ingawa inamgusa moja kwa moja mwananchi ambaye simu yake ndiyo kompyuta pekee aliyonayo.

Ilongero ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili. Mji huo mdogo, ulio kaskazini mwa Manispaa ya Singida katika barabara iendayo Haydom, ndio makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida. Halmashauri hiyo inahudumia kata kama Mtinko, Ngimu, Makuro, Msange na Mgori, zenye wakulima wa alizeti, vitunguu, mtama na uwele pamoja na wafugaji. Zamani tangazo la halmashauri yoyote nchini lilisomwa ubaoni, au lilisikika kwenye mkutano wa kijiji pale mtendaji alipolipata kwa wakati. Siku hizi tangazo huwekwa pia kwenye tovuti. Kwa mkazi wa Mgori, tofauti kati ya ukurasa unaofunguka na usiofunguka ni nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima ya kazi ya shamba.

Kinachotangazwa huko si kidogo. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upitiwe upya, ikarejeshwa mwaka 2024, na maombi yake sasa hupitia mfumo wa kielektroniki. Zabuni za umma zimehamia kwenye mfumo wa NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeweka fungu la asilimia 30 kwa makundi maalumu, ambayo nayo hayana budi kujisajili humo. Leseni ya biashara huombwa kupitia TAUSI, na nafasi za kazi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kila mojawapo ina tarehe yake ya mwisho, na mfumo hauna desturi ya kumsubiri aliyechelewa kwa sababu ukurasa uligoma kufunguka.

Jitihada kubwa za Serikali zimeelekezwa, kwa haki kabisa, kwenye mtandao wenyewe. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano katika kata 713, nyingi zikiwa za vijijini. Hata hivyo, mnara unapofika kijijini kikwazo hakiishi bali huhama: hutoka hewani na kuingia kwenye simu, kisha kwenye ukurasa ambao simu hiyo inajaribu kuufungua. Mnara huonekana na kila mtu, na ukikosekana mbunge huuliza. Ukurasa mzito hauulizwi swali bungeni.

Kivinjari ni programu inayosoma maelekezo yaliyoandikwa na msanifu na kuyageuza kuwa ukurasa unaoonekana. Kinapoacha kuhuishwa, hasara huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya usalama, kwa kuwa mianya inayogunduliwa baada ya hapo haizibwi. Mwananchi anayeingiza namba yake ya NIDA na nywila kwenye kivinjari cha aina hiyo anabeba hatari ambayo jirani yake mwenye simu mpya hana. Ya pili ni ya lugha: wasanifu huendelea kutumia maelekezo mapya, na kivinjari kilichosimama huyaruka asiyoyaelewa. Hasara hiyo ya pili huja polepole. Toleo la 138 bado litasoma kurasa nyingi bila taabu kwa muda mrefu. Wanaoumia leo ni wale wa nyuma zaidi, kama wenye Android 7, ambao Chrome yao ilikomea toleo la 119 mwishoni mwa mwaka 2023.

Historia ya tovuti za halmashauri yenyewe inaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda kasi. Tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa kwa pamoja jijini Dodoma mwezi Machi 2017, zikiwa zimejengwa kwa ushirikiano wa Wakala ya Serikali Mtandao, kama ilivyoitwa wakati huo, Ofisi ya Rais TAMISEMI na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani kupitia USAID. Mwezi huohuo wa Machi 2017, vivinjari vya Chrome na Firefox vilianza kuelewa utaratibu mpya wa kupanga ukurasa kwa safu na nguzo, ujulikanao kama CSS Grid. Leo utaratibu huo ni wa kawaida kiasi kwamba msanifu kijana hajui namna nyingine. Akiutumia bila kuweka njia mbadala, simu ambayo kivinjari chake ni cha kabla ya tarehe hiyo huonyesha menyu, picha na habari vikiwa vimerundikana kimoja juu ya kingine.

Simu hizo zipo. Smart Kitochi, iliyoingizwa sokoni nchini na Vodacom kwa ajili ya wasiomudu simu janja kamili, hutumia mfumo wa KaiOS. Toleo la KaiOS lililoenea zaidi, la 2.5, limejengwa juu ya injini ya Firefox ya 48, iliyotoka mwaka 2016. Mmiliki wake ana intaneti, ana bando, na kwa hesabu zote ni mtumiaji wa mtandao. Lakini anaitazama tovuti ya mwaka huu kwa jicho la mwaka 2016.

Kuna pia Opera Mini, kivinjari ambacho kimedumu Afrika Mashariki kwa sababu moja ya wazi: hupunguza matumizi ya bando. Katika hali yake ya kubana data kupita zote, ukurasa hauji moja kwa moja kwenye simu. Hupita kwanza kwenye seva za Opera, ambako hubanwa, na programu za JavaScript zilizomo huendeshwa hukohuko kwa muda mfupi tu. Menyu inayotegemea JavaScript ili ifunguke huenda isifunguke. Fomu inayojikagua yenyewe kabla ya kutumwa huenda isitume. Mwananchi aliyechagua kivinjari hicho amefanya uamuzi wa busara wa kulinda senti zake, na haifai uamuzi huo umgharimu huduma.

Hapa ndipo zana mpya za wasanifu, pamoja na manufaa yake, zinapohitaji kupokelewa kwa tahadhari. Tangu mwaka 2023 wasanifu wengi duniani wanaongozwa na kipimo kiitwacho Baseline, kinachoeleza ni maelekezo yapi tayari yanaeleweka katika vivinjari vikuu. Jambo jipya likishaeleweka kote na kupita miezi 30, huhesabiwa kuwa limeenea. Ni kipimo kizuri na kimepunguza ubishi mwingi. Lakini vivinjari kinavyovihesabu ni Chrome, Edge, Firefox na Safari pekee. Opera Mini haimo, wala KaiOS. Msanifu wa tovuti ya benki jijini London anaweza kukitegemea bila wasiwasi mkubwa. Msanifu wa ukurasa wa mikopo ya asilimia 10 hana uhuru huo, kwa kuwa walengwa wake ndio hasa walioachwa nje ya hesabu.

Si haki kusema mabadiliko yote ni mzigo. Mengi ya miaka ya karibuni yanapunguza uzito wa kurasa badala ya kuuongeza. Tangu mwaka 2019 Chrome inaelewa neno moja tu linaloiambia picha isipakuliwe hadi msomaji aikaribie. Picha za muundo wa WebP, ambazo kwa kawaida huwa nyepesi kuliko JPEG, zinasomwa na vivinjari vyote vikuu tangu mwaka 2020. Menyu ya kufunguka na kufungika sasa inaweza kutengenezwa bila JavaScript hata kidogo. Ukurasa wa wastani wa simu duniani umevuka megabaiti 2, na sehemu kubwa ya uzito huo ni picha na JavaScript, yaani vitu ambavyo tangazo la zabuni ya kusambaza madawati halivihitaji.

Mfano bora wa upande huo uko nyumbani. Siku Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo, maelfu ya wazazi na wanafunzi hufungua kurasa za NECTA kwa wakati mmoja, wakitumia kila aina ya simu. Kurasa hizo za matokeo ni majedwali matupu: namba ya mtahiniwa, jinsi, alama, daraja. Hazina picha za kubadilika wala menyu ya kuteremka. Mtu anayejivunia usanifu anaweza kuziona duni. Hata hivyo, seva ikishapumua, ukurasa hufunguka kwenye Smart Kitochi, kwenye Opera Mini na kwenye kompyuta ya mkurugenzi vilevile. Msomaji hapati shida kujua alichofuata na mahali kilipo.

Kinyume chake ni barua iliyopigwa mhuri, ikasainiwa, ikaskaniwa na kupandishwa kwenye tovuti kama faili ya PDF. Utaratibu huu umezoeleka katika taasisi nyingi za umma, na sababu yake inaeleweka. Ofisa anataka saini na mhuri vionekane ili asije akatokea tapeli na tangazo la kughushi. Tatizo ni kwamba faili hiyo si maandishi bali ni picha ya maandishi. Maneno ya tangazo la kurasa mbili, yakichapwa kwenye ukurasa wa kawaida, huchukua kilobaiti chache tu. Picha yake mara nyingi hupita megabaiti nzima. Kwenye kioo kidogo herufi zake hazisomeki bila kuvuta kila mstari kushoto na kulia. Mtambo wa kutafuta huenda usiyaone vizuri maneno yaliyomo, hivyo mtu anayeandika "mikopo ya vijana Singida" anaweza asilipate kabisa tangazo linalomhusu.

Madhara makubwa zaidi yanampata mwananchi asiyeona. Simu za Android zina kisoma skrini kinachotamka maandishi kwa sauti, na Kiswahili kimo. Mbele ya barua iliyoskaniwa kisoma skrini hakina neno la kutamka. Kwa hiyo inawezekana kabisa tangazo la fungu la asilimia 2, lililotengwa kwa watu wenye ulemavu, likatolewa katika umbo ambalo sehemu ya walengwa wake hawawezi kulipokea bila kumwomba mtu awasomee. Marekebisho yake hayahitaji mkandarasi. Maneno ya tangazo yachapwe kwenye ukurasa, tarehe ya mwisho ikiwa juu, na nakala yenye mhuri ibaki chini yake kwa anayetaka uthibitisho. Ni kazi ya dakika kumi kwa Ofisa Habari ambaye tayari anayo barua hiyo kwenye kompyuta yake, kwa sababu ndipo ilipochapwa.

Jambo jingine dogo la aina hiyohiyo ni lugha ya ukurasa. Kila ukurasa hubeba, mahali pasipoonekana na msomaji, alama inayokieleza kivinjari kuwa maandishi yake ni ya lugha gani. Violezo vingi hutoka kiwandani vikiwa na alama ya Kiingereza, na msanifu akisahau kuibadilisha, maandishi ya Kiswahili hutamkwa na kisoma skrini kwa matamshi ya Kiingereza. Asiyewahi kusikia neno "halmashauri" likitamkwa hivyo atadhani ni jambo la kuchekesha. Kwa anayetegemea sauti hiyo kujua masharti ya mkopo, ni ukurasa uliofungwa. Kinachohitajika ni kubadilisha herufi mbili.

Vyeti vya usalama vya tovuti vinahitaji kuangaliwa kwa uzito zaidi, kwa kuwa vina tarehe zisizoahirishwa. Cheti ndicho kinachokithibitishia kivinjari kwamba tovuti iliyofunguliwa ni yenyewe na kwamba taarifa zinazosafiri haziwezi kusomwa njiani. Tangu Julai 2018 Chrome huipa tovuti isiyo na cheti alama ya kutokuwa salama. Cheti kikiisha muda, mambo huwa mabaya zaidi: mwananchi hukutana na onyo linaloziba ukurasa wote. Anaweza kurudi nyuma na kukosa huduma. Anaweza pia kubonyeza na kupita, na hilo ndilo la kuogopwa, kwa sababu mtu aliyezoea kupita onyo kwenye tovuti ya Serikali atapita pia onyo la kweli siku atakapopelekwa na matapeli kwenye tovuti ya kuiga.

Mwezi Aprili 2025 jukwaa la CA/Browser Forum, linalowakutanisha watoaji wa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, lilipiga kura ya kufupisha umri wa vyeti hivyo. Cheti kilichoweza kudumu siku 398 kinawekewa ukomo wa siku 200 kwa vile vinavyotolewa kuanzia Machi 15, 2026, kisha siku 100 kuanzia Machi 15, 2027, na hatimaye siku 47 kuanzia Machi 15, 2029. Taasisi iliyozoea kuhuisha cheti mara moja kwa mwaka, kwa barua ya maombi na idhini ya matumizi, itatakiwa kufanya hivyo takribani mara 8 kwa mwaka. Kwa mkono haiwezekani, au inawezekana hadi siku mhusika atakapokwenda likizo. Tangu Juni 2025, Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure anayetumiwa na tovuti nyingi duniani, ameacha pia kutuma barua pepe za kukumbusha kuwa cheti kinakaribia kuisha. Matarajio ya wote hao ni kwamba kazi hiyo itafanywa na mashine.

Simu za zamani zimeguswa hapa pia. Septemba 30, 2024 ulikoma uthibitisho wa zamani uliokuwa ukiziwezesha simu za chini ya Android 7.1.1 kuvitambua vyeti vya Let's Encrypt. Mwenye simu ya aina hiyo huonyeshwa na Chrome onyo kwenye tovuti inayotumia vyeti hivyo hata kama vyeti vyenyewe ni hai. Firefox, inayobeba orodha yake ya vyeti inavyoviamini, humwepusha na tatizo hilo, mradi toleo lake likubali kusakinishwa kwenye simu yake. Ushauri huo mmoja, ukitolewa na dawati la huduma kwa mteja, unaweza kumwondolea mtu safari.

Katika eneo hili Tanzania ina nafuu ambayo nchi nyingi hazina. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kuratibu na kusimamia jitihada za Serikali Mtandao nchini, na tovuti nyingi za umma zimejengwa kwa mfumo mmoja. Halmashauri iliyo Ilongero haihitaji kumwajiri mtaalamu wa vyeti wala kununua zana za bei. Kiolezo kikirekebishwa mara moja, marekebisho yanaweza kufika halmashauri zote. Alama ya lugha ikisahihishwa mahali pamoja, itasahihika kila mahali. Nafuu hiyo ina upande wake wa pili, kwamba kosa moja nalo husambaa hivyohivyo. Na kwa kuwa USAID, iliyokuwa nyuma ya ujenzi wa awali, ilikoma kuendesha programu zake Julai 1, 2025, matunzo ni wajibu wa ndani kwa bajeti ya ndani.

Yanayobaki mikononi mwa halmashauri ni yale yasiyoweza kuamuliwa kutoka Dodoma: picha ya kikao ipunguzwe kabla ya kupandishwa, tangazo lichapwe badala ya kuskaniwa, tangazo lililopitwa na wakati liondolewe juu. Pia kupima. Zana za kompyuta zinaweza kuigiza mtandao wa kasi ndogo na kioo cha simu, na Chrome yenyewe inazo bila malipo, lakini mwigo huo hutumia injini mpya ya kompyuta hiyohiyo. Hauonyeshi kile Android 7 inachokiona. Kitengo cha TEHAMA kingefaidika zaidi kwa kuwa na simu tatu kwenye droo: moja ya Android 7 au 8, Smart Kitochi moja, na moja yenye Opera Mini iliyowekwa kubana data kupita zote. Zikinunuliwa zilizotumika, gharama yake si kubwa.

Jaribio lenyewe halizidi robo saa. Ofisa huchukua simu hizo hadi mahali ambapo mawimbi ni dhaifu, pembezoni mwa kata na si chini ya mnara wa Ilongero, hufungua ukurasa wa matangazo, hutafuta tangazo la mwisho la mikopo na kusoma tarehe ya kufunga maombi. Huandika ilimchukua dakika ngapi, na ni megabaiti ngapi za bando zilizokatwa.